Je, moyo wangu umepigwa muhuri?

Swali: Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi ni mwanamke wa miaka 31. Ninaswali swala tano, nafunga, nasoma Qurani kila nikipata nafasi, lakini ni karibu mwaka sasa sihisi chochote. Narukuu, nasujudu, natoa salamu, moyo mkavu. Juzi nilifika kwenye aya inayosema Mwenyezi Mungu amepiga muhuri nyoyo zao, nikaogopa, nikafunga msahafu. Halafu ninaye kaka yangu mkubwa aliyeacha swala kwa miaka mingi. Kila nikimkumbusha hunijibu: "Mungu humuongoa amtakaye. Mimi hajaniongoa bado. Siku akitaka nitaswali." Nimekosa la kumjibu, maana na mimi nimeanza kujiuliza: kama Yeye ndiye anayezifunga nyoyo na Yeye ndiye anayezifungua, sisi tunalaumiwa kwa lipi?

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Naanza na hofu yako. Hoja ya kaka yako inaweza kusubiri kidogo, hofu haisubiri.

Aya iliyokusimamisha ni ya 7 katika Suratul Baqara. Rudi nyuma aya moja tu uone inawazungumzia akina nani: watu ambao ni mamoja kwao, uwaonye au usiwaonye, hawaamini. Ni mamoja kwao. Wametajwa kwa sifa hiyo kabla muhuri haujatajwa. Onyo likija, lisipokuja, kwao ni hali moja. Sasa jitazame wewe. Umesoma neno moja la onyo ukashindwa kufungua ukurasa wa pili, ukakaa na dukuduku, ukatafuta mtu wa kumuuliza. Kwako si mamoja hata kidogo. Moyo uliofungwa kweli hauulizi kama umefungwa.

Na hofu hii haikuanza na wewe. Ibn Abi Mulayka, mwanachuoni wa kizazi kilichowafuata masahaba, alisema aliwadiriki masahaba 30 wa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, na kila mmoja wao alikuwa akijihofia unafiki. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, ameyanukuu maneno hayo katika kitabu cha Imani. Hao ni watu waliomwona Mtume kwa macho yao na kuswali nyuma yake. Waliijua thamani ya walichopewa, ndiyo maana waliogopa kukipoteza. Kwa hiyo ukiniuliza kama hofu uliyonayo ni dalili ya moyo uliokufa, nakujibu bila kusita: hapana.

Sasa muhuri wenyewe huja vipi? Hapa ndipo kaka yako alipojikwaa, na si yeye peke yake. Watu wengi wanafikiri Mwenyezi Mungu aliwapanga waja wake safu mbili, hawa akawafungua na hawa akawafunga, kisha akawashusha duniani waje watimize tu yaliyoandikwa. Qurani haisemi hivyo. Katika Suratun Nisaa aya ya 155 wametajwa watu waliosema kwa majivuno kwamba nyoyo zao zimefunikwa, wakajibiwa: bali Mwenyezi Mungu amezipiga muhuri kwa sababu ya kukufuru kwao. Katika Suratus Saff aya ya 5: walipopotoka, Mwenyezi Mungu akazipotosha nyoyo zao. Tazama lipi lilitangulia. Na katika Suratul Mutaffifin aya ya 14: yale waliyokuwa wakiyachuma yametia kutu juu ya nyoyo zao. Kutu, dada yangu, haianguki kutoka mbinguni. Huota juu ya chuma kilichoachwa.

Mujahid bin Jabr, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alikuwa akilifundisha jambo hili kwa mkono wake. Al-A'mash anasimulia kwamba Mujahid aliwaonyesha kiganja kilicho wazi, akawaambia walikuwa wakiuona moyo kuwa mfano wa kiganja hiki. Mja akitenda dhambi hukunjwa hivi, akakunja kidole kimoja. Akitenda nyingine, akakunja cha pili. Akaendelea mpaka akavikunja vidole vyote, ndipo akasema: kisha hupigwa muhuri. Nyoosha mkono wako sasa hivi ufanye kama alivyofanya. Utaona kwamba muhuri ni wa mwisho, baada ya ngumi kujifunga yenyewe. Hakuna anayemimina lakiri juu ya bahasha ambayo bado iko wazi. Na utaona jambo jingine ambalo mimi hunipa faraja kila nikilifikiria: katika hatua zote za kabla ya muhuri, kidole kilichokunjwa bado kinaweza kukunjuliwa. Ndivyo ilivyo katika hadithi ya Abu Huraira aliyoipokea Tirmidhi: mja akikosea hutiwa doa jeusi moyoni, akiacha, akaomba msamaha na kutubu, moyo wake husuguliwa ukang'aa; akirudia, doa huongezeka mpaka liuzingire moyo. Neno lililotumika ni la kusugua, kazi ya mtu anayeshika kitambaa na kutia nguvu.

Tukishaelewana hapo, twende kwa kaka.

Lugha yetu imetupa neema ambayo mara nyingi hatuitumii. Tunalo neno kuongoza na tunalo neno kuongoa. Kuongoza ni kumwonyesha mtu njia, kumtangulia, kumwambia pita hapa usipite pale. Kuongoa ni kumtengeneza mtu akanyooka, naye ndiye husemwa ameongoka. Mtu anaweza kuongozwa asiongoke. Wanazuoni wa tafsiri wamekuwa wakitofautisha hidaya hizi mbili tangu zamani: ya kuonyeshwa na kubainishiwa, na ya taufiki, yaani ya moyo kuwezeshwa kuikubali haki na kuipenda. Bila kutofautisha hivyo, aya mbili zinaweza kukuchanganya. Katika Suratush Shura aya ya 52 Mtume anaambiwa: hakika wewe unaongoza kwenye njia iliyonyooka. Katika Suratul Qasas aya ya 56 anaambiwa: hakika wewe humwongoi umpendaye, lakini Mwenyezi Mungu humwongoa amtakaye. Ya kwanza ni kazi ya Mitume, ya vitabu, ya wazazi, ya dada kama wewe. Ya pili haimo mkononi mwa yeyote isipokuwa Mwenyewe.

Na Thamudi, kaumu ya Nabii Saleh? Katika Suratu Fussilat aya ya 17 Mwenyezi Mungu anasema: ama Thamudi tuliwaongoza, lakini wakapenda upofu kuliko uongofu. Walionyeshwa njia, wakaiona, wakachagua. Kaka yako akisema "hajaniongoa bado", muulize kwa upole anakusudia ipi. Kama ni ya kuonyeshwa njia, adhana anaisikia, Qurani anaijua iko wapi, kuswali alifundishwa. Hiyo ameshapewa, na pengine kuliko wengi.

Basi iliyobaki ni ya pili, na hapo atakushika: "Si ndiyo hiyo ninayoingoja?" Swali lake zuri, na jibu lake limo ndani ya Kitabu kilekile anachokinukuu. Qurani inaposema Mwenyezi Mungu humwongoa amtakaye, haikuliacha neno hilo likielea. Suratur Raad aya ya 27: humwongoa kwake anayerejea. Suratul Maida aya ya 16: kwa Kitabu hiki humwongoa anayefuata radhi zake. Suratul Ankabut aya ya 69: na wale wanaofanya juhudi kwa ajili yetu, hakika tutawaongoa kwenye njia zetu. Suratu Muhammad aya ya 17: na wale walioongoka huwazidishia uongofu. Na upande wa pili pia umetajwa kwa sifa zake: hawaongoi watu madhalimu, hawaongoi watu mafasiki, hamwongoi aliye mwongo mwenye kupindukia. Amtakaye, kwa hiyo, si bahati nasibu. Ametuambia Mwenyewe anamtaka nani: anayerejea, anayefuata, anayejitahidi. Na hivyo vyote ni vitendo. Hakuna aya hata moja iliyoahidi taufiki kwa anayengoja.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa kaka yako alijue, ingawa ni zito. Sentensi yake si mpya. Imo ndani ya Qurani, na walioisema wametajwa. Katika Suratul An'am aya ya 148 washirikina wanasema: lau Mwenyezi Mungu angetaka, tusingeshirikisha sisi wala baba zetu. Wakaulizwa: je, mnayo elimu yoyote mtutolee? Hamfuati ila dhana. Yaani: nani aliyekuonyesha kilichoandikwa mpaka ukakifanya hoja? Kaka yako hajui kama ameandikiwa kuongoka au la. Anachokijua ni kwamba ameamrishwa kuswali. Ameacha analolijua, akashika asilolijua.

Masahaba wenyewe waliuliza. Ali bin Abi Talib anasimulia kwamba walikuwa kwenye mazishi huko Baqii al-Gharqad, makaburi ya Madina, Mtume akaketi nao akawaambia kwamba hakuna yeyote ila mahali pake Peponi au Motoni pameshaandikwa. Wakasema: ewe Mjumbe wa Mwenyezi Mungu, basi si tuegemee maandiko yetu tuache matendo? Akawaambia: tendeni, kwani kila mmoja anafanyiwa wepesi kwa alichoumbiwa. Kisha akasoma aya za Suratul Layl: ama anayetoa na akamcha Mungu na akasadiki lililo jema, tutamsahilishia yaliyo mepesi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na mkusanyaji mwenzake, Muslim. Nimeirudia mara nyingi maishani mwangu, na kila mara kinachonigusa ni kwamba hawakupewa maelezo marefu. Walipewa amri: tendeni.

Sitakudanganya kwamba fumbo lote linafunguka hapa. Namna matakwa ya mja yanavyokutana na matakwa ya Mola wake, umma umelijadili tangu karne ya kwanza. Wapo waliosema mja hana hiari yoyote, ni kama unyoya kwenye upepo. Wapo waliosema mja hujiumbia vitendo vyake peke yake. Ahlu Sunna wakasimama kwenye aya mbili za mwisho za Suratut Takwir, zinazofuatana bila kitu kati yake: kwa yule miongoni mwenu anayetaka kunyooka, wala hamtataka isipokuwa atake Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Tunazishika zote mbili. Ya kwanza inanizuia kusingizia kadari ninapozembea. Ya pili inanizuia kujisifu ninapofanikiwa. Kaka yako ameishika ya pili akaiacha ya kwanza. Na wapo wachamungu wanaoishika ya kwanza wakaisahau ya pili, wakawadharau watu kama yeye. Sijui ni kosa lipi kati ya hayo linalougumisha moyo zaidi.

Turudi kwako, maana ukavu unaoulalamikia ndio hasa ulionifanya niandike kwa urefu.

Abu Musa al-Ash'ari amepokea kutoka kwa Mtume mfano ulioko kwa Bukhari na Muslim: uongofu na elimu aliyotumwa nayo ni kama mvua kubwa iliyoinyeshea ardhi. Sehemu moja ilikuwa nzuri, ikayapokea maji, ikaotesha majani na malisho mengi. Sehemu nyingine ilikuwa ngumu, ikayazuia maji yakatuama, watu wakanywa, wakanyweshea, wakalimia. Sehemu ya tatu ilikuwa tambarare, haishiki maji wala haioteshi. Mvua ni ile ile moja. Mtume hakusema kwamba ardhi ya tatu ilinyimwa mvua.

Wengi wakiusoma mfano huu hujitafuta kwenye ardhi ya kwanza, wasipojiona hapo hukimbilia kujihukumu kuwa ni wa tatu. Wanairuka ya katikati. Ardhi ile haikuota kitu, lakini haikuyaacha maji yapotee, na haikulaumiwa katika hadithi. Iliyolaumiwa ni ya mwisho. Hiyo ya katikati wafasiri wameieleza kuwa ni mfano wa anayehifadhi elimu na kuwafikishia wengine. Mimi naongeza hapa fahamu yangu, na ni yangu tu: mtu anaweza kupita msimu ambao haoni jani lolote likichipuka moyoni, na bado akawa ameyashika maji. Swala tano kwa mwaka mzima bila ladha yoyote, bila kuacha hata moja, ni maji yaliyoshikwa. Si kitu kidogo. Anayeswali akiwa na ladha anavutwa. Wewe umejisukuma mwenyewe kwa mwaka mzima, na aliyekupa nguvu ya kujisukuma ni Yeye. Hiyo nayo ni taufiki, ila haikuja kwa sura uliyoizoea.

Kuna sahaba aliyekuwa mwandishi wa Mtume, Handhala al-Usayyidi. Muslim amepokea kwamba alikutana na Abu Bakr, akaulizwa hali, akasema: Handhala amenafiki! Tukiwa kwa Mtume anatukumbusha Moto na Pepo mpaka ni kama tunaviona kwa macho. Tukitoka tukachanganyika na wake zetu, watoto na shughuli za riziki, tunasahau mengi. Abu Bakr akasema: wallahi nasi hutupata mfano wa hayo. Abu Bakr! Wakaenda wote wawili kwa Mtume, akawaambia kwamba lau wangedumu katika hali wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao, "lakini, ewe Handhala, saa hivi na saa vile." Akalirudia mara tatu. Hakumwambia amenafiki, wala hakumpa dawa ya kuubakisha moyo kileleni muda wote, kwa kuwa moyo haukuumbwa kukaa kileleni. Hata jina lake la Kiarabu, qalb, linahusiana na kugeuka. Ndiyo maana dua aliyoikithirisha Mtume, kwa simulizi ya Ummu Salama iliyoko kwa Tirmidhi, ilikuwa: ewe Mgeuza nyoyo, uthibitishe moyo wangu juu ya dini yako. Aliomba uthabiti. Ladha ikija ni zawadi. Uthabiti ndio uliombwa.

Hata hivyo sikuambii ukae tu na ukavu huo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliufananisha moyo na kioo, akataja sababu tano za kioo kutoonyesha sura. Kumbuka vioo vya zama zake vilikuwa vya chuma kilichosuguliwa. Huenda chuma hakijafuliwa kikawa kioo. Huenda kimeshika uchafu na kutu. Huenda kimeelekezwa pengine. Huenda pana pazia kati yake na kitu. Au mtu hajui kitu chenyewe kiko upande gani akielekeze huko. Tukiambiwa moyo hauoni, sote tunakimbilia sababu ya pili, dhambi. Ni kweli, jihesabu, na kama pana dhambi unayoijua, ya ulimi, ya jicho, ya mali isiyo halali, au undugu uliokatwa, anza hapo wala usitafute pengine. Lakini Ghazali anasema kuhusu sababu ya tatu jambo linalowahusu wachamungu hasa: moyo wa mtu mtiifu unaweza kuwa safi kabisa na bado usione, kwa sababu haukuelekezwa kwenye kinachotafutwa, umeshughulishwa na namna ya kutekeleza ibada za mwili au na mipango ya maisha. Kioo hakina kasoro. Kimetazama ukutani.

Nadhani, kwa ulivyoandika, hapo ndipo ulipo. Umenihesabia rukuu, sijida, salamu. Hukunitajia hata neno moja ulilolisema humo. Basi nikupe jambo moja la kufanya, usifanye mengi. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu anasema: nimeigawa swala baina yangu na mja wangu nusu mbili, na mja wangu atapata alichoomba. Mja akisema "Alhamdu lillahi Rabbil aalamin", Mwenyezi Mungu husema: mja wangu amenisifu. Inaendelea hivyo aya kwa aya, mpaka mja anapofika "Ihdinas siratal mustaqim", tuongoe njia iliyonyooka; hapo husema: hili ni la mja wangu, na mja wangu atapata alichoomba. Ukiswali faradhi tano tu, umeisoma Alhamdu mara 17 kwa siku. Mara 17 umeomba uongofu, na mara 17 umejibiwa. Ninachokuomba ni kunyamaza kidogo baada ya kila aya, pumzi moja tu, ukijua kwamba unajibiwa. Usitafute machozi. Usijipime. Sikiliza tu. Suratu Qaf aya ya 37 inasema ukumbusho ni kwa mwenye moyo, au aliyetega sikio naye yupo. Tazama rehema iliyomo: hata asiyejiona ana moyo ulio hai, amefunguliwa mlango wa sikio.

Nje ya swala, kuna mtu aliyemlalamikia Mtume ugumu wa moyo wake, akaambiwa kama anataka moyo wake ulainike, amlishe maskini na apanguse kichwa cha yatima. Ahmad ameipokea. Ajabu ya dawa hiyo ni kwamba inamtoa mtu nje ya nafsi yake. Mwenye moyo mkavu hujichungulia mchana kutwa, na kujichungulia huko nako kunaukausha. Tafuta yatima au maskini mmoja, umjue kwa jina, uwe naye karibu.

Na jambo jingine ambalo masheikh wenzangu wakati mwingine hatulisemi inavyostahili. Ikiwa ukavu huu hauko kwenye ibada tu, ikiwa umeingia kwenye usingizi, chakula, kazi, na hata mambo ya halali uliyokuwa ukiyafurahia hayakufurahishi tena, basi huenda ni sonona, na hayo ni maradhi kama maradhi mengine. Nenda kwa daktari, huku ukiendelea na swala zako. Mtume ametuamuru kutafuta matibabu. Kumwona daktari si upungufu wa imani, na maradhi si muhuri.

Sasa umkabilije kaka yako? Ni mkubwa wako, kwa hiyo kumkaripia si njia, na hata angekuwa mdogo nisingekushauri. Musa na Haruna walipotumwa kwa Firauni waliambiwa wamwambie maneno laini. Kaka yako si Firauni. Na usimfungie mlango rohoni mwako, kwa sababu hujui. Hebu sikiliza habari hii. Abu Talib, ami yake Mtume, aliyemlea na kumkinga, alipokuwa katika kukata roho Mtume alimsihi atamke neno la shahada. Kitandani pake walikuwapo watu wawili wakimvutia upande wa pili: Abu Jahl, na Abdullah bin Abi Umayya. Wakawa wanamwambia: utaiacha mila ya Abdul Muttalib? Akafa juu ya mila hiyo, na aya ya Suratul Qasas niliyoitaja ikashuka. Kisa hiki kimo kwa Bukhari na Muslim. Wachache wanajua kilichofuata. Abu Jahl aliuawa Badr akiwa kafiri. Yule wa pili, Abdullah, aliyesimama kichwani pa mtu anayekufa akimzuia asiseme shahada, alisilimu kabla ya kufunguliwa Makka, akauawa upande wa Waislamu katika vita vya Taif. Watu wawili, chumba kimoja, maneno yale yale. Nani angethubutu siku ile kusema huyu ameshapigwa muhuri na yule bado?

Mwombee, na mwombee kwa kumtaja. Abu Huraira alikuwa akimlingania mama yake, mama anakataa, mpaka siku moja akamtolea maneno mabaya kuhusu Mtume. Hakubishana naye. Alitoka akilia mpaka kwa Mtume, akamwomba amwombee mama yake uongofu, na Mtume akasema: ewe Mwenyezi Mungu, muongoe mama wa Abu Huraira. Alirudi nyumbani akakuta mlango umerudishwa, akasikia vishindo vya maji; mama yake alikuwa akioga. Akavaa, akafungua mlango huku akitamka shahada. Abu Huraira akarudi tena kwa Mtume, safari hii akilia kwa furaha. Muslim ameipokea. Wewe huna wa kumwendea kama alivyomwendea yeye, lakini aliyeombwa ni Yule Yule, na unasujudu mbele yake kila siku.

Kisha, siku mtakayokuwa mmetulia, mwendee na msahafu. Usimwambie umekuja kumnasihi. Mwambie ukweli ulioniambia mimi: kwamba ni wewe unayeogopa, kwamba ulisoma aya ya muhuri ukashindwa kuendelea, na unamwomba yeye, kaka yako, akusomee aya saba za Suratuz Zumar pamoja na maana zake. Ya kwanza ni ile isemayo: enyi waja wangu mliojidhulumu nafsi zenu, msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Hiyo ni yako. Inayofuata ni amri: rejeeni kwa Mola wenu, na ni kurejea kule kule kulikotajwa katika Suratur Raad. Kuanzia aya ya 56 yanaelezwa majuto ya Siku ya Kiyama, mpaka inafika nafsi inayosema: lau Mwenyezi Mungu angeniongoa, ningekuwa miongoni mwa wachamungu. Na jibu lake limo humo humo: zilikwisha kukujia aya zangu. Usimweleze kitu. Anzeni na aya ya 53. Ya 57 ataifikia mwenyewe, kwa sauti yake.